Kula, Kunywa na Kutembea Puglia na Matera: Mwongozo wa Likizo Kusini mwa Italia

Mtu aliyekulia Malindi au Watamu, au aliyewahi kufanya kazi katika hoteli za Nungwi, anaweza kuamini kwamba chakula cha Kiitaliano anakijua. Amekula piza, amekula tambi za mchuzi wa nyanya, ameonja aiskrimu nzito ya maziwa, na pengine anawasalimia wageni kwa Kiitaliano bila kufikiri. Mimi nami niliamini hivyo hadi nilipofika Bari, nikaketi mezani, nikafungua orodha ya vyakula na kukuta kwamba karibu hakuna nilichokitambua. Siku hiyo nilifahamu jambo ambalo mwongozo huu wote umejengwa juu yake: Waitaliano hula chakula cha mkoa wao, na mara nyingi cha mji wao, kwa hiyo anayetaka kufaidi nchi yao achague eneo moja, akae humo siku za kutosha, na aagize kilichooteshwa, kilichovuliwa au kilichokamuliwa karibu na hapo alipoketi.

Eneo ninalolipendekeza ni Puglia, yaani kisigino cha lile buti tunaloliona kwenye ramani ya Italia, pamoja na mji wa Matera, ambao kiutawala uko katika mkoa jirani wa Basilicata lakini uko karibu na Bari. Nimelichagua kwa sababu chakula chake na maajabu yake vimetoka katika chanzo kimoja. Puglia ni nchi ya mawe ya chokaa, na mvua ikinyesha maji huzama ardhini badala ya kutiririka mitoni, hivyo kwa karne nyingi wakulima wake walihesabu maji kwa ndoo. Ukame huo uliwafunza kuishi kwa zeituni, zabibu, ngano ngumu, jamii ya kunde na majani ya porini; na mawe hayo waliyatumia kujenga nyumba, kuchimba mabirika na kuchonga vinu ambavyo leo watu hutoka mbali kuja kuvitazama. Ukilishika jambo hili, sahani iliyo mbele yako na ukuta ulio nyuma yako vitakuwa vinaelezana.

Maandalizi

Mwenye pasipoti ya nchi za Afrika Mashariki au ya Kongo anahitaji viza ya Schengen. Ombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na halipaswi kuletwa zikiwa zimebaki chini ya siku 15, na miongoni mwa nyaraka zinazotakiwa imo bima ya safari yenye kugharimia matibabu hadi angalau euro 30,000. Miezi mizuri ni Mei, Juni, Septemba na mwanzo wa Oktoba. Agosti kuna joto kali na umati wa Waitaliano wenyewe walio likizoni, na tarehe 15 ya mwezi huo, sikukuu wanayoiita Ferragosto, shughuli nyingi husimama. Septemba ina faida ya pekee kwa kuwa ndio msimu wa kuvuna zabibu.

Tenga siku nane hadi kumi. Viwanja vya ndege vya karibu ni Bari na Brindisi, na treni ya kutoka Roma hadi Bari huchukua takribani saa nne. Bari, Lecce na Matera zote hufikiwa kwa reli. Ila treni ya Matera ni ya kampuni ndogo ya mkoa yenye kituo chake kando ya kituo kikuu cha Bari, na ratiba ya Jumapili na sikukuu ni tofauti kabisa na ya siku za kazi, basi isome mapema. Gari la kukodi linafaa kwa siku tatu au nne za mashambani, ambako mabasi ni machache. Chukua leseni ya kimataifa ya udereva pamoja na ya nyumbani, na ujifunze kuitambua alama ya duara jeupe lenye ukingo mwekundu yenye maandishi ZTL, maana huo ni mpaka wa mji mkongwe usioruhusiwa magari ya wageni. Kamera hupiga picha namba ya gari, na faini hukufuata kupitia kampuni iliyokukodisha hata ukiwa umesharudi nyumbani.

Saa za kula na taratibu za meza

Jambo linalowasumbua wageni wengi ni saa. Chakula cha mchana huandaliwa kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane na nusu hivi, kisha jiko hufungwa, na haliwashwi tena mpaka saa mbili usiku, nyakati za joto hata baada ya hapo. Kumbuka kwamba wao huandika 12:30, 14:30 na 20:00. Niliwahi kuingia mji mmoja mdogo saa tisa na nusu alasiri nikiwa sijatia kitu mdomoni tangu alfajiri, nikakuta milango yote imefungwa na madirisha yameshushwa pazia, na nikashinda njaa hadi usiku kwa pakiti moja ya taralli, vile vibiskuti vya mviringo vya unga, mafuta ya zeituni na mvinyo mweupe. Tangu siku hiyo natembea na taralli mfukoni, na ninakushauri nawe ufanye hivyo, kwa kuwa vinauzwa kila mahali na haviharibiki upesi.

Mlo kamili huenda kwa hatua. Huanza antipasto, yaani vionjo. Hufuata primo, ambayo ni tambi, wali au supu. Kisha secondo, yaani samaki au nyama. Na mboga huagizwa peke yake kwa jina la contorno. Si lazima kuagiza vyote, na hakuna atakayekukasirikia ukichukua hatua mbili tu. Hapa Puglia hadhari inahitajika zaidi kwenye antipasto, kwa sababu ukisema unataka vionjo vya nyumba, meza inaweza kujaa visahani saba, nane au kumi vya jibini, bilinganya, maharage, pweza na vitumbua vya kukaanga, na ukivimaliza hutakuwa na nafasi ya kingine. Watu wawili waagize sehemu moja. Kwenye hesabu utaona neno coperto, ambalo ni malipo ya meza na mkate, kwa kawaida euro chache kwa kila mtu. Limeandikwa kwenye orodha ya vyakula, kwa hiyo si ulaghai. Kahawa ukiinywa umesimama kaunta ni nafuu kuliko ukiketi, na kapuchino wenyeji huinywa asubuhi, si baada ya mlo.

Msomaji asiyekula nguruwe anaweza kula vizuri sana Puglia, lakini ajue maneno machache. Maiale ni nguruwe. Prosciutto, pancetta, guanciale, capocollo na lardo vyote hutoka kwake. Na lililojificha kuliko yote ni strutto, yaani mafuta ya nguruwe, ambayo kwa desturi ya zamani huingia katika unga wa baadhi ya vitafunio na keki. Uliza waziwazi, «C'è strutto?», nao watakujibu bila kuona vibaya. Huko Salento, sehemu ya kusini kabisa ya Puglia, utakuta pia nyama ya farasi iliyopikwa kwa nyanya na pilipili, inayoitwa pezzetti di cavallo. Wapo wanaoipenda sana, ila ni vyema uijue kabla sahani haijafika. Kwa upande mwingine, vyakula vyenye heshima kubwa katika eneo hili ni vya mboga, kunde na samaki, kwa maana nyama ilikuwa ya sikukuu tu.

Bari: tambi za mkono, pweza na ukoko

Anzia Bari, na usiipite kama kituo cha kubadilishia treni. Ingia mji mkongwe, Bari Vecchia, kupitia upinde unaoitwa Arco Basso, ambako akina mama huketi nje ya milango yao wakitengeneza orecchiette, maana yake masikio madogo. Simama utazame kwa utulivu. Unga ni wa ngano ngumu na maji, hauna yai. Mama huusokota kuwa kamba yenye unene wa kidole, hukata kipande cha ukubwa wa punje ya harage, hukiburuta juu ya ubao kwa ncha butu ya kisu hadi kijikunje, kisha hukigeuza juu ya kidole gumba, na sikio limezaliwa, lenye kwaruzo upande mmoja ambazo kazi yake ni kushika mchuzi. Yote hayo huchukua muda mfupi kuliko niliotumia kuyaeleza. Masikio hayo hutandazwa juu ya fremu za mbao zenye wavu yakauke, na unaweza kununua mfuko mmoja. Ukitaka kupiga picha, omba ruhusa kwanza, na ununue, kwa kuwa pale ni nyumbani kwa mtu na ndipo mahali pake pa kazi.

Mchuzi wake wa asili ni cime di rapa, majani yenye uchungu kidogo yanayochemshwa katika chungu kimoja na tambi, kisha vyote hukaangwa kidogo kwa mafuta ya zeituni yenye kitunguu saumu, pilipili na dagaa waliohifadhiwa kwa chumvi, ambao huyeyuka kabisa wakaacha ladha tu. Ni mboga ya baridi, kwa hiyo mwezi Julai ukiletewa ujue imetoka kwenye barafu. Majira ya joto agiza tambi zenye nyanya mbichi. Sahani nyingine ya wakulima ni fave e cicoria: fave ni zile kunde pana ambazo Waarabu na watu wengi wa pwani yetu huziita ful, hukaushwa, hupikwa na kupondwa hadi ziwe laini kama uji mzito, na pembeni huwekwa majani ya porini ambayo uchungu wake utamkumbusha mtu wa pwani mchunga. Mimina mafuta ya zeituni juu, changanya kwa kipande cha mkate, na utaelewa kwa nini watu walioishi kwa chakula hiki hawakukiacha walipopata fedha.

Asubuhi nenda gatini, Molo San Nicola, ambako wavuvi huuza walichovua. Mtu wa Unguja au Lamu hahitaji kuelezwa kwa nini pweza hupigwa juu ya mwamba. Hapa nao hupigwa, kisha huzungushwa kwa nguvu ndani ya chombo chenye maji ya bahari hadi mikono yake ijikunje kama nywele zilizosokotwa. Tofauti ni kwamba Wabari wengi humla mbichi, na vilevile ngisi na kome. Mimi nilimla na nilimpenda, lakini mwenye tumbo dhaifu au mjamzito asithubutu. Yeye aagize riso, patate e cozze, mchanganyiko wa wali, viazi na kome uliopikwa kwa matabaka katika tanuri.

Kisha kuna spaghetti all'assassina, na hapa Kiswahili kina neno ambalo Kiitaliano hakina: ni tambi za ukoko. Hazichemshwi kwanza, bali huwekwa kavu katika kikaango cha chuma, zikamiminiwa supu ya nyanya yenye pilipili kidogo kidogo, na kuachwa zigande na kuungua upande mmoja hadi zikwaruze mdomoni. Aliyekuwa akigombania ukoko wa wali utotoni ataipenda sahani hii. Asiyependa kitu kilichoungua aiache. Kwa njaa ya njiani nunua focaccia ya Bari, mkate bapa wenye nyanya na zeituni, ingali moto, au sgagliozze, vipande vya ugali wa mahindi vilivyokaangwa kwa mafuta mengi na kunyunyiziwa chumvi.

Kabla hujaondoka, ingia Basilika ya San Nicola. Masalia ya Mtakatifu Nikolai yaliletwa hapa mwaka 1087 na mabaharia walioyachukua Myra, katika Uturuki ya leo, na ndiyo maana utawakuta Wakristo wa Othodoksi wakisali katika kanisa la chini pamoja na Wakatoliki. Karibu karne mbili na nusu kabla ya hapo, kati ya mwaka 847 na 871, Bari ilikuwa makao ya emiri wa Kiislamu. Mji wa bandari haumtupi mgeni.

Nyumba za pia na ngome ya pembe nane

Kutoka Bari fuata barabara ya kusini hadi bonde la Itria. Alberobello ndio mji wenye nyumba ziitwazo trulli, za kuta nyeupe zilizopakwa chokaa na mapaa ya mawe yenye umbo la pia. Ziliwekwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1996. Mawe yamepangwa makavu, bila udongo wala saruji, na maelezo yanayotolewa ni kwamba makabaila wa Conversano, waliomiliki ardhi, waliwaamuru wakulima wajenge hivyo ili nyumba ziweze kubomolewa haraka na mji usihesabiwe, kwa kuwa makazi mapya yalitozwa kodi na Ufalme wa Napoli. Mwaka 1797 Mfalme Ferdinand wa Nne aliukomboa mji kutoka mikononi mwa makabaila hao. Ndani ya paa kuna kuba la pili, na maji ya mvua yalielekezwa kutoka kwenye paa hadi kwenye birika chini ya nyumba.

Mtaa wa Monti umejaa maduka ya zawadi. Nenda ng'ambo ya pili, Aia Piccola, ambako watu bado wanaishi, nguo zimeanikwa na paka wamelala barazani. Fika kabla ya saa tatu asubuhi au lala hapo usiku mmoja, kwa sababu mabasi ya watalii yakishawasili mji hubadilika. Jioni ile, nenda Cisternino ule kwa wauza nyama. Bucha za huko zina tanuri nyuma: unachagua nyama kaunta, inapimwa kwa kilo, inachomwa, nawe unaketi barazani kuisubiri. Sifa yao ni bombette, vifungu vya nyama ya nguruwe vyenye jibini ndani. Asiyekula nguruwe aelekeze kidole kwenye mwanakondoo au soseji za ndama, huku akiomba zichomwe kwenye mshikaki wake peke yake.

Castel del Monte iko upande wa pili wa Bari, karibu na Andria, na inastahili kuendewa kwa gari. Ni ngome iliyojengwa miaka ya 1240 kwa amri ya Mfalme Mkuu Frederick wa Pili, yenye pembe nane, minara minane ya pembe nane, na vyumba vinane kwa kila ghorofa, katikati uwanja wa pembe nane. Haina handaki la kuizunguka kama ngome za vita, na wataalamu wanabishana hadi leo kuhusu makusudi yake. Toa senti moja ya euro ya Italia mfukoni uitazame: ngome imo humo. Ukishuka, simama Andria ule burrata palepale ilipoanzia. Kwa nje ni mfuko wa jibini laini jeupe. Ndani kuna nyuzi za jibini zilizoloweshwa katika malai. Usiile ikiwa baridi ya friji. Iache mezani kwa nusu saa, ikate katikati uone malai yakimwagika, na usiweke kitu kingine zaidi ya mafuta ya zeituni na mkate. Inayofaa ni ya leo. Ya jana wenyeji hawaisifu.

Mvinyo, na njia ya asiyekunywa

Kwenye chupa tafuta kwanza jina la mahali. Herufi DOC na DOCG maana yake ni kwamba jina hilo linalindwa kisheria, na kwamba aina ya zabibu, eneo na namna ya kutengeneza vimepangwa. IGT ina masharti mapana zaidi, na si lazima iwe duni. Majina ya kukumbuka ni manne. Primitivo di Manduria ni mwekundu mzito, wenye kilevi kisichopungua asilimia 13.5, na jina la zabibu yake limetokana na kuiva mapema; vipimo vya vinasaba vimeonyesha kuwa ndiyo zabibu inayolimwa California kwa jina la Zinfandel. Zabibu iitwayo Negroamaro hutoa Salice Salentino, mwekundu wenye uchungu kidogo mwishoni, na pia mvinyo wa rangi ya waridi unaonywewa baridi kwa samaki. Nero di Troia hulimwa kuzunguka Castel del Monte. Na upande wa Basilicata kuna Aglianico del Vulture, uliooteshwa kwenye udongo wa volkano iliyozimika, mkali unapokuwa mchanga na mtulivu baada ya miaka.

Mvinyo huelezeka zaidi ukiwa shambani. Piga simu siku mbili kabla, kwa kuwa watengenezaji wengi hawapokei mgeni asiye na miadi, na uombe kuoneshwa alberello, mizabibu ya zamani isiyofungwa kwenye nyaya, iliyokatwa ikawa vichaka vifupi juu ya udongo mwekundu, majani yake yakiyatilia zabibu kivuli na kuhifadhi unyevu. Mtu wa Dodoma, anayejua maana ya kulima zabibu katika nchi kavu, atakuwa na maswali mazuri ya kuuliza. Manduria kuna chama cha ushirika cha wakulima chenye makumbusho ya Primitivo ndani ya matangi yake ya kale ya chini ya ardhi, na katika vyama vya namna hiyo utaona wenyeji wakija na madumu kununua mvinyo wa jumla, sfuso, unaopimwa kwa pampu kama ya kituo cha mafuta. Onja kuanzia mwepesi kwenda mzito, na usione haya kutema. Chombo kimewekwa kwa ajili hiyo. Dereva asionje. Kiwango cha juu kisheria ni gramu 0.5 za kilevi kwa lita ya damu, na kwa mwenye leseni ya chini ya miaka mitatu ni sufuri.

Asiyekunywa pombe asijione amebaki nje. Zabibu hizohizo hupikwa kwa saa nyingi hadi ziwe vincotto, asali nyeusi isiyo na kilevi licha ya jina lake, inayomiminwa juu ya jibini, aiskrimu au tini. Lecce nako kuna kahawa ya kumwagiwa juu ya barafu na maziwa matamu ya lozi, ambayo mchana wa joto naiona bora kuliko mvinyo wowote.

Salento: mafuta ya kuwashia taa na tembo wa Otranto

Ukiteremka kusini utaona jambo la kusikitisha, nalo usilipuuze: mashamba mazima ya mizeituni iliyokauka, mashina ya kijivu yamesimama kama mifupa. Ni kazi ya bakteria aitwaye Xylella fastidiosa, aliyegunduliwa karibu na Gallipoli mwaka 2013, anayeenezwa na wadudu na kuziba njia za maji za mti. Mamilioni ya miti yamekufa. Wakulima wanapanda upya aina zinazostahimili, kwa hiyo ukinunua mafuta moja kwa moja kwa mkulima wa Salento unamsaidia mtu aliyepoteza miti ya babu yake. Gallipoli kwenyewe shuka katika kinu cha mafuta kilichochongwa chini ya ardhi, ambako joto la wastani lilisaidia mafuta yasigande. Kutoka bandari hiyo yalisafirishwa mafuta yaliyowasha taa za miji ya Ulaya, London ikiwemo.

Lecce imejengwa kwa jiwe la rangi ya asali, laini kiasi kwamba mafundi walilichonga kama mbao, na ukuta wa mbele wa Kanisa la Santa Croce umejaa wanyama, majani na nyuso hadi jicho linachoka. Ila mahali ninapopapenda zaidi ni Museo Faggiano. Mwenye nyumba alitaka kufungua mgahawa, choo kikawa kinaziba, akafukua sakafu kutafuta bomba, na mnamo miaka iliyofuata yeye na wanawe wakakuta makaburi ya Wamessapia, wenyeji wa kale wa eneo hili, ghala la Kirumi na mabaki ya watawa. Mgahawa haukufunguliwa, nyumba ikawa makumbusho.

Otranto ndiko ninakokuomba usikose kufika. Sakafu yote ya Kanisa Kuu ni picha moja ya vipande vya mawe, iliyotengenezwa na mtawa Pantaleone kati ya mwaka 1163 na 1165. Kuna mti mkubwa unaopanda kutoka mlangoni hadi madhabahuni, na katika matawi yake wamo Adamu na Hawa, Nuhu akijenga safina, Aleksanda Mkuu, Mfalme Arthur, na kazi za miezi kumi na miwili, ikiwa ni pamoja na kukanyaga zabibu. Mti wenyewe umebebwa na tembo wawili. Sisi tunaomjua tembo tutaona mara moja kwamba fundi alimchora kwa kusikia habari zake, na bado alimpa kazi ya kuubeba ulimwengu mzima. Kando, katika kanisa dogo, nyuma ya vioo yamepangwa mafuvu ya watu wa mji waliouawa Waothmani walipouteka mwaka 1480. Ingia kwa ukimya.

Matera

Weka Matera mwisho, na ulale huko walau usiku mbili. Mji wa kale, Sassi, umechimbwa katika ukingo wa korongo, na familia ziliishi mapangoni pamoja na punda na kuku wao hadi sheria ya mwaka 1952 ilipoamuru wahamishwe. Watu wapatao 15,000 walipelekwa mitaa mipya. Mji uliokuwa ukiitwa aibu ya taifa uliingia Urithi wa Dunia mwaka 1993, na mwaka 2019 ukawa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya. Tembelea kwanza pango lililopangwa vyombo vya zamani, la Vico Solitario, ili uelewe maisha yale kabla hujaanza kufurahia mandhari. Kisha shuka Palombaro Lungo, birika kubwa lililochongwa chini ya uwanja mkuu, kuta zake zimepakwa lipu isiyopitisha maji, na utembee juu ya daraja jembamba mahali ambapo zamani palijaa maji. Jioni vuka upande wa pili wa korongo, Murgia Timone, utazame taa zikiwaka pango kwa pango.

Chakula cha Matera kinaanza na mkate. Unga ni wa ngano ngumu, ganda ni nene na jeusi, na ndani ni wa manjano. Zamani kila familia ilikanda nyumbani na kupeleka kwenye tanuri la pamoja, na ili mikate isichanganywe kila nyumba ilikuwa na muhuri wake wa mbao, wenye herufi za baba mwenye nyumba na mara nyingi jogoo aliyechongwa juu. Mafundi bado wanaichonga mihuri hiyo, nayo ni zawadi ninayoipendelea kuliko sumaku za friji. Agiza pignata, nyama ya kondoo iliyopikwa polepole katika chungu cha udongo kilichozibwa kwa unga wa mkate, pamoja na peperoni cruschi, pilipili tamu zilizokaushwa na kukaangwa hadi zivunjike kama chipsi. Mkate ukikauka usiutupe: loweka kwa maji, nyanya, kitunguu na mafuta, nao ndio cialledda, kifungua kinywa cha wavunaji.

Siku ya kuondoka nunua mkate mzima wa kilo moja, uufunge kwa kitambaa cha pamba, si kwa mfuko wa plastiki, na uuweke kwenye begi la mkononi. Mafuta yanunue ya kopo la bati na uyaweke kwenye mzigo mkubwa. Mkate huo hudumu wiki nzima. Wangu niliukata nyumbani siku ya nne, nikaumiminia mafuta, na ulikuwa bado laini.